Viti Viwili kwa Mwezi

Karakana, tarehe 4 Machi

Kwa Mama wa Binti Yangu,

Salamu nyingi kama vumbi la mbao. Mimi mzima, mgongo tu, na mgongo huo ni ule ule unaoujua, haujabadili tabia.

Karatasi ya mahakama imefika. Mtu aliyeileta viatu vinang'aa utadhani anaenda kuoa. Akaniambia tia sahihi kwenye kisanduku. Nikatia, ikatoka nje ya kisanduku pande zote mbili, maana jina la Fundi Bingwa halikai kwenye kisanduku cha kuku.

Nimeisoma mwenyewe. Darasa la tatu la zamani si hili lenu la siku hizi. Neno talaka nimeliona. Neno matunzo nimeliona. Gharama za wakili nimeziona mara mbili nikadhani mpiga chapa alisinzia. Yaani wewe umemtafuta mtu wa kunishtaki mimi, halafu mshahara wake nilipe mimi? Hata mwizi hamgongei mwenye nyumba amdai nauli ya kurudia.

Miaka arobaini na moja, mama, na unaondoka kwa sababu ya mbao nane. Nane! Msaji mkavu, mvua inanyesha, banda linavuja, ningeziweka wapi? Chumbani kulikuwa na nafasi. Nakubali ilikuwa upande wako.

Mimi sitaweka wakili. Nani amewahi kumwekea simba mkalimani? Na hiyo tarehe ya mahakama siendi, nina kazi.

Ulipoondoka ulichukua nguo zako na ile brashi ya vanishi. Nguo ni zako. Brashi ni mali ya karakana. Irudishe.

Barua hii anakuletea dereva wa lori la mbao, kwa vile umesema simu hutaki, kila neno lije kwa maandishi. Haya, maandishi ndiyo hayo. Nimeandika siku mbili.

Mimi,
Fundi Bingwa, mwenye karakana

*

Nyumbani kwa binti yetu, tarehe 11 Machi

Baba wa Binti Yangu,

Barua nimeipata, na salamu zako za vumbi nimezipokea kwa kikohozi. Daktari amesema kifua changu kimejaa unga wa mbao wa miaka yote hiyo. Nilimwambia mbao sasa zimehamia chumbani, akaweka kalamu chini akaniuliza, "Mama, unaishi nyumbani au unaishi stoo?" Nimeondoka ili nipate jibu.

Kutaka kila neno liandikwe si matakwa yangu, ni ya wakili. Barua zako anazisoma pia. Nakuambia mapema ili usije ukasema nilikuvizia.

Binti yako ni mwema na mkwe wako ni mwema, lakini nalala kwenye kochi la sebuleni. Mkwe akitaka kutazama mpira nahamia jikoni. Mpira ukienda muda wa nyongeza na mimi naenda muda wa nyongeza, nimekaa juu ya ndoo. Ninachotaka si kukukomoa, Bingwa. Nataka chumba kimoja chenye mlango ninaoufunga mimi. Chumba kinalipiwa kila mwezi, na mimi miaka yote hiyo sikupokea mshahara, kwa hiyo akiba yangu ni hii brashi. Ndiyo maana nimeomba matunzo.

Nenda mahakamani. Na ile fomu ya mapato waliyoambatanisha, ijaze. Andika kweli tupu.

Brashi siirudishi.

Mkeo, kwa mujibu wa karatasi

*

Karakana, tarehe 19 Machi

Kwa Mama wa Binti Yangu, na kwa huyo wakili anayechungulia begani,

Wakili, shikamoo sikupi, nasikia una umri wa mjukuu wangu. Soma taratibu ujifunze.

Tarehe ya kwanza sikwenda. Wameniletea ya pili, nayo sikwenda. Wanionee huko huko. Mahakama ikinitaka inajua ninapokaa, kuna kibao juu ya mlango, herufi nyekundu, kimeandikwa FUNDI BINGWA.

Fomu nimeijaza. Wameuliza kazi yangu inaingiza nini kwa mwezi. Nimewaandikia bila woga: viti ishirini. Ishirini! Mjini hapa nani mwingine anatoa viti ishirini kwa mwezi? Yule jirani wa misumari iliyopinda? Nimeweka na bei ya kiti kimoja, nikawaambia wazidishe wenyewe kama wanajua hesabu. Palipoandikwa madeni nimechora mstari. Bingwa hana madeni.

Na palipoulizwa mke alifanya kazi gani nimeandika: alikuwa anapaka paka. Si ndivyo? Mimi napima, nakata, napiga randa, naunganisha, gundi, kibano, kila kitu, halafu wewe unakuja mwishoni na brashi unapitapita juu. Kiti kinakuwa kimeshamalizika.

Umeandika habari ya ndoo nikaisoma mara mbili. Ndoo haina mgongo. Mkwe hana hata kigoda? Ningemtumia dereva alete kimoja, ila wakili atasema ni hongo.

Mimi,
Fundi Bingwa, viti ishirini kwa mwezi

*

Nyumbani kwa binti yetu, tarehe 2 Aprili

Bingwa,

Umefanya nini?

Wakili aliposoma viti ishirini alitabasamu kama paka aliyeona kifuniko cha maziwa kimeteleza. Barua yako na fomu yako vyote vimekwenda mahakamani kama vielelezo. Kwa hesabu yako wewe mwenyewe, kwa mkono wako mwenyewe, ameomba unilipe matunzo ya bei ya viti sita kila mwezi. Sita! Na gharama zake zote juu yako.

Mimi ndiye niliyekuwa navihesabu vikitoka mlangoni. Viti vipya ni tisa mwezi ukiwa mzuri. Mwezi wa mvua ni vitano, na kimoja anakirudisha yule mteja wetu mwalimu asiyeridhika.

Ngoja nikueleze alivyonieleza wakili, maana wewe umekataa wa kukueleza. Hakimu harushi sarafu. Anatazama ndoa ilidumu miaka mingapi, yetu ni mingi. Anatazama umri wangu na kifua changu, kama naweza kwenda kuanza kazi nyingine, na ninahitaji nini ili niishi karibu na nilivyozoea. Anauliza kila mmoja alitia nini ndani ya nyumba. Lakini hata nikihitaji kasri, hawezi kukuamuru utoe usichonacho. Ndiyo maana wanauliza uwezo wako. Na wewe, ulipoulizwa, ukapanda juu ya paa ukawika.

Gharama za wakili nazo zina sababu. Wewe una karakana, mimi nina brashi. Mahakama haipendi mmoja aje na panga na mwingine mikono mitupu, kwa hiyo mwenye uwezo anaweza kuamriwa kumsaidia mwenzake alipe wakili. Na zile tarehe mbili ulizokacha, wakili alifika, akakaa, akasubiri, akarudi. Siku hizo zinalipiwa. Ukaidi wako una bei, mume wangu, na safari hii umewekewa risiti.

Rekebisha fomu. Tarehe ni 28. Nakuomba.

Na habari ya kupaka paka nimeisoma.

Mkeo bado

*

Karakana, tarehe 9 Aprili

Kwa Mama wa Binti Yangu,

Sifuti. Neno langu ni kama msumari wa inchi nne, ukishaingia umeingia. Nikifuta watasema Bingwa alidanganya, na jirani wa misumari iliyopinda atasikia, ana shemeji yake karani huko huko mahakamani. Afadhali nilipe viti sita. Nitauza ile mashine ya kukereza. Nitauza karakana ikibidi, nichongee barabarani. Bingwa ni mikono, si paa.

Kazi zinakwenda vizuri sana. Wateja wanapenda viti vyangu kiasi kwamba mmoja ameleta vinne alivyonunua vije vikae hapa na wenzao kidogo. Vimepumzika ukutani. Mama wa duka la nguo alikaa kwenye kimoja, na aliposimama kiti kilisimama naye kwa muda, kwa upendo. Sketi yake itapona.

Sasa si kwamba sijui, mimi najua kila kitu, nauliza tu ili kukupima kama bado unakumbuka: ile vanishi ulikuwa unapaka mara ngapi? Na kati ya mara ya kwanza na ya pili ulikuwa unangoja nini? Nimepaka mara moja nene nikamaliza, inang'aa vizuri, ila haikauki. Siku ya tisa leo. Nadhani ni vanishi ya siku hizi, wanachanganya.

Tarehe 28 nitakwenda. Nitakwenda na kiti. Kile cha zamani cha sebuleni, tulichokalia siku binti alipoleta mchumba. Hakimu akikiona ataacha maswali yake.

Naandika nimesimama maana viti vyote vinanata.

Fundi Bingwa

*

Nyumbani kwa binti yetu, tarehe 14 Aprili

Bingwa,

Nimecheka hadi kikohozi kikanishika, binti akaja mbio na maji. Mwambie mama wa duka la nguo sketi aiweke kwenye mafuta ya taa kidogo, asisugue.

Kwangua yote. Yote, usibakize. Msasa mnene kwanza halafu laini, ukifuata mkondo wa mti, si kukatiza kama unavyofanya ukiwa na hasira. Futa kwa kitambaa chenye unyevu, acha siku nzima. Paka nyembamba, nyembamba kuliko unavyodhani. Ngoja siku mbili. Piga msasa laini tena mpaka kiganja kisisikie kitu. Paka tena. Nilikuwa napaka mara nne. Kila kiti. Wewe ulikuwa umeshalala.

Wakili hajui kwamba nakuandikia haya, hii barua nimempa dereva bila kumwonyesha.

Na karakana usiuze, unanisikia? Ukiuza karakana hayo matunzo yangu yatachongwa na nani? Mwenye kumtegemea ng'ombe hamli nyama. Nataka chumba changu mwezi huu, na mwaka kesho, na mwaka kesho kutwa. Viti sita vya majigambo havitanifikisha huko, nitakuja kuhamishwa na vitu vyangu nje. Nataka viwili vya kweli.

Siku hiyo vaa shati lile la bluu. Kifungo cha pili kinalegea, angalia.

Mimi

*

Karakana, tarehe 30 Aprili

Kwa Mama wa Binti Yangu,

Tulikuwa chumba kimoja juzi na hatukuongea, kwa hiyo nakuandikia niliyoyaona kutoka upande wangu, maana wewe ulikaa nyuma ya wakili wako na yeye ana mabega.

Kifungo kilikatika kwenye ngazi. Ulisema.

Niliposimama na kiti askari wa mlangoni akaniambia mzee humu viti vipo. Nikamwambia hivyo ni mbao zilizopigiliwa, hiki ndicho kiti. Hakimu akakiangalia juu ya miwani. Akaniita nikilete mbele. Umeona alivyofanya? Hakukaa. Alipitisha kiganja kwenye mkono wa kiti, akarudi nyuma, akapitisha tena, kama anampapasa paka. Akaniuliza, "Mzee, umalizio huu ni wako?"

Nilikuwa na jibu. Nimelibeba tangu nyumbani, lilikuwa limekaa mdomoni limefunga mkanda. Nikatazama kile kiti. Nikawaza vile vinne vilivyo ukutani, nilivyovikwangua kwa siku tano kama ulivyosema, na kila nikikwangua nahesabu: mara nne, kila kiti, miaka arobaini na moja, na mimi nimelala. Nikasema, "Mheshimiwa, huo ni mkono wa mke wangu. Hakuna mwingine mwenye mkono huo, hata mimi sina, na mimi ndiye Bingwa."

Wakili wako aliandika kwa kasi mpaka kalamu ikakwaruza. Nikajua nimejichongea. Nikasema basi, potelea mbali, kweli ni kweli.

Halafu wewe ukasimama. Nikafumba macho. Nikasema sasa anamwambia hakimu viti tisa mbele ya shemeji wa jirani, na mimi nakwenda kuishi msituni.

Ukasema, "Mheshimiwa, hajadanganya. Viti ishirini vinapita mikononi mwake kila mwezi. Ila tisa ni vipya na kumi na moja ni vya kubadilisha miguu, na bei ya mbao hajaitoa. Hesabu hiyo nilikuwa naifanya mimi, kwa hiyo hakujua."

Mama. Vya kubadilisha miguu nilikuwa nimevisahau kabisa. Ni kweli ni kumi na moja!

Wakili wako alikugeukia kama umemkanyaga. Nikasikia amekunong'oneza, "Mama, unajipunguzia." Nawe ukamwambia bila kunong'ona, "Mwanangu, naijua karakana ile kuliko wewe."

Sijui hakimu ataamua nini. Siku ya kusomwa hukumu nadhani siendi. Si ukaidi, safari hii ni vanishi, lazima nikae niingoje ikauke.

Fundi

*

Chumbani kwangu, tarehe 20 Mei

Baba wa Binti Yangu,

Hukumu imesomwa na hukuwepo, karani atakuletea nakala. Lakini nakujua, utaishia kwenye ukurasa wa kwanza lilipoandikwa jina lako. Kwa hiyo nakuandikia kiini.

Talaka imetolewa. Sikulia. Nilidhani nitalia.

Matunzo ni bei ya viti viwili kila mwezi, mpaka mmoja wetu afe au mimi niolewe tena. Nilipomtazama hakimu kwenye hilo la kuolewa na yeye alinitazama, tukaelewana. Kazi yako ikipungua au ugonjwa wangu ukizidi, yeyote anaweza kurudi kuomba yaangaliwe upya. Alisema ameshusha kutoka sita kwa sababu uwezo wa kweli ni ule niliouthibitisha mimi, na hakukataa kabisa, ingawa kwenye fomu uliandika napaka paka tu, kwa sababu mkono wangu umo kwenye kila kiti kilichotoka pale. Alisoma maneno yako: "Hata mimi sina." Yamo kwenye hukumu, ukurasa wa sita. Umeandikwa kwenye vitabu vya serikali, Bingwa, kwa jambo ambalo hukujisifu.

Karakana haiguswi, kwa kuwa matunzo yanatoka humo.

Gharama za wakili utalipa nusu. Angekupunguzia zaidi ya hapo, alisema, lakini tarehe mbili ulizokacha ni zako. Nusu nyingine nalipa mimi polepole, na wakili amekubali. Alininunia siku tatu, kisha akaniuliza kama naweza kumtazamia meza yake ya kulia, imeingia alama za vikombe.

Chumba nimekipata. Ghorofa ya kwanza, juu ya duka la fundi cherehani. Kina dirisha moja, kitanda, jiko la nje tunalotumia watu watatu. Mashine yake inanguruma mchana na usiku inanyamaza, si kama mpira. Mlango unakwaruza sakafu, lazima niunyanyue kidogo ndipo ufunge. Lakini ukifungwa umefungwa, na niliyeufunga ni mimi. Jana niliufunga, nikaufungua, nikaufunga tena, bila sababu.

Ulikuwa mume mgumu, lakini viti vyako vilikuwa vizuri kweli kabla hata sijavigusa. Hilo sikuwahi kukuambia, kwa kuwa ulikuwa unajiambia mwenyewe.

Aliyekuwa mkeo

*

Karakana, tarehe 3 Juni

Kwa Mama wa Binti Yangu,

Viti viwili vya kwanza nimelipa ofisi ya mahakama, siku mbili kabla ya tarehe. Karani akasema mzee umewahi. Nikamwambia Bingwa akiahidi mwezi, mwezi wenyewe ndio unachelewa. Nusu ya wakili nayo nimeanza. Yule mwenye meza ya vikombe. Anaandika haraka, lazima nikiri.

Ukurasa wa sita nimeusoma. Nimemsomea na jirani wa misumari iliyopinda. Akarudi kwenye misumari yake.

Sasa jambo la kikazi, nalo liwe mbali na matunzo, wakili asije akachanganya. Vile viti vinne vimetoka ukutani, nimevipaka kama ulivyoelekeza, mwenyewe akavichukua. Alipitisha kiganja akasema, "Si vibaya." Si vibaya! Miaka arobaini na moja sijawahi kuambiwa si vibaya. Kwa hiyo karakana inatafuta fundi wa vanishi mwenye brashi yake. Malipo ni kwa kila kiti, mkononi, siku hiyo hiyo. Viti dereva atakuletea mlangoni, msasa nitapiga mimi huku, vumbi lote libaki kwangu. Bei taja wewe. Mimi nikitaja nitajigamba.

Habari ya mlango wako. Sijauliza chochote. Ila dereva alipokuja kuchukua barua yako aliuona, akaniambia umejaa maji kwa chini, umevimba, bawaba ya juu imekaa kombo. Mlango wa hivyo anaufunga mke wa Bingwa? Samahani, aliyekuwa mke. Hata hivyo, watu wa mtaani hawajasoma hukumu.

Kibao nimekishusha nikakipaka upya. Chini ya FUNDI BINGWA nimeacha nafasi ya mstari mmoja. Sijaandika kitu. Nangoja ikauke, siku mbili, kama ulivyosema.

Fundi

*

Chumbani kwangu, tarehe 7 Juni

Fundi,

Bei yangu iko nyuma ya karatasi hii. Usiipunguze, nimeshaipunguza mwenyewe kwa kukufahamu.

Viti navipokea viwili viwili, ukumbini penye hewa, si chumbani.

Njoo Jumamosi asubuhi na randa na bisibisi. Mlango utaushusha, utaukwangua chini, utaurudisha, utaufunga mara moja tuone, utakunywa chai. Kiti kimoja kipo cha mgeni.

Mbao uziache nje.

Mwenye chumba